Kitabu cha Ndoa cha Usharika, na Namna ya Kutafuta Jamaa Ndani Yake



Katika ofisi za sharika zetu, Bukoba na Muleba, hufika watu kuomba waonyeshwe kitabu cha ndoa. Wengi wamepoteza cheti, nao wataka nakala. Shida yao ni fupi, huisha siku ile ile. Lakini wako na wengine, wajao kuwatafuta jamaa za mama yao wasiowajua. Kwa ajili ya hao, na kwa ajili ya wachungaji, wainjilisti na makarani wanaowapokea, twaandika somo la mwezi huu.

Jambo hili halikuzuka bure. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu Kagera, na miaka iliyofuata ugonjwa ule uliwaondoa akina baba na akina mama wengi wangali katika umri wa kulea. Tena tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilizama safari ikiwa karibu kwisha, na mamia ya watu wakafa. Watoto waliobaki walichukuliwa na shangazi, na bibi, na baba wadogo; wengine walikulia Mwanza, wengine Dar es Salaam. Upande wa baba haukupotea sana, kwa kuwa kwetu Uhayani mtoto huhesabiwa katika ukoo wa baba, na kibanja cha baba kipo, na makaburi ya mababu yamo katika migomba. Kilichopotea ni upande wa mama. Mama alikuja kutoka kijiji kingine, akafa angali kijana, na wale waliojua alikotoka nao wamemfuata.

Tumwite mmoja wao Eunike. Jina hili tumelitunga, na habari zake tumezikusanya kutoka kwa wengi, ili asionyeshwe mtu kidole. Eunike alizaliwa mwaka 1990, akalelewa na shangazi yake Mwanza. Ajua kwamba mama yake aliitwa Marta, kwamba alitoka "upande wa Muleba", na kwamba wazazi wake walifunga ndoa kanisani. Zaidi ya hayo hajui. Sasa amechumbiwa, na wazee wa mchumba wake wauliza: Kwa mama, wewe ni wa ukoo gani? Wazee hawa hawaulizi kwa udadisi. Mhaya haoi katika ukoo wake mwenyewe, wala hapendi kuoa kwa jamaa wa karibu wa mama. Na ukoo hutambulikana kwa jina lake na kwa mwiko wake, uitwao omuziro, kama Wahinda ambao omuziro wao ni enkende, yaani tumbili, na Wabito wa Kiziba ambao wao ni engabi, yaani pongo. Asiyeujua omuziro wa mama yake hana la kujibu, naye huinamisha kichwa mbele ya watu wasiomtakia mabaya.

Je, kitabu cha ndoa chaweza kumsaidia? Twasema chaweza, ila kwa njia iliyo ndefu kuliko atakavyo. Maana kitabu hujibu lile tu ambalo mwandishi wake alitakiwa kuuliza. Na habari za mama, mara nyingi, hakutakiwa kuziuliza.

Kabla hatujakifungua kitabu chetu, na tuwatazame wenzetu walioizoea kazi hii tangu zamani. Waingereza wamewatafuta jamaa zao katika vitabu vya parokia kwa vizazi vingi, na makosa yao yajulikana. Yatufaa tujifunze kwao, tusiyarudie. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, aliyekuwa mtumishi mkuu wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iwe na kitabu cha kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Habari ya ndoa katika vitabu vile vya kwanza ilikuwa fupi mno: siku, jina la mume, jina la mke. Katika kijiji chenye akina John Smith watano, mtafutaji hawezi kusema ni yupi aliyeoa siku ile. Ndipo mwaka 1753 Bunge lao likatunga sheria, ambayo watu huiita kwa jina la Lord Hardwicke, nayo ilianza kutumika tarehe 25 Machi 1754. Sheria hiyo ilitaka ndoa itanguliwe na matangazo kanisani au na leseni. Iandikwe katika kitabu chenye kurasa zilizotiwa nambari, ili ukurasa usichomolewe wala kuchomekwa. Na bwana arusi, bibi arusi, kasisi na mashahidi wasiopungua wawili watie sahihi zao. Asiyejua kuandika alitia alama ya msalaba. Tangu tarehe 1 Julai 1837 karatasi ikaongezwa nafasi za umri, kazi, makao, na jina la baba wa kila mmoja pamoja na kazi yake.

Na mama? Mama hakuulizwa. Katika Uingereza na Wales nafasi ya kuandika majina ya mama wa maarusi ilianza tarehe 4 Mei 2021. Kwa muda wa miaka zaidi ya 180 kitabu kiliuliza kazi ya baba, kama ni fundi viatu au mkulima, lakini mama aliyemzaa bibi arusi, na ambaye yamkini alikuwa ameketi katika benchi la mbele akilia, hakupewa hata mstari mmoja. Basi Mwingereza atafutaye upande wa mama alijifunza zamani kutokwama katika kitabu kimoja. Hutoka katika kitabu cha ndoa akaenda katika kitabu cha ubatizo, akarudi tena katika kitabu cha ndoa cha kizazi kilichotangulia, kama mtu apandaye ngazi kwa miguu miwili. Njia hiyo hiyo ndiyo tutakayomwonyesha Eunike.

Lakini kwanza, vitabu vyetu vimetoka wapi? Wakristo wa kwanza wa Kiinjili katika Buhaya walikuwa Wahaya wenyewe, waliojifunza kusoma kwa Kiganda kutoka ng'ambo ya mpaka, wakaitwa abasomi, yaani wasomaji. Mwaka 1910 wamisionari wa Bethel, mmoja wao akiwa Ernst Johanssen, walifika Bukoba, nao walitoka katika nchi ambayo makanisa yake yamezoea tangu kale kuandika vitabu vya washarika. Mwaka 1916, vita vilipowashinda Wajerumani huku, wamisionari hao waliondoka. Walimu Wahaya wakaishika kazi, wakisaidiwa na Waanglikana wa Uganda. Katika miaka ya 1920 wakaja Wamethodisti wa Wesley, kisha Bethel wakarudi. Vita vya pili vikawaondoa tena, na tangu mwaka 1942 wakaja Waswidi. Mwaka 1963 likaundwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania.

Twaeleza haya kwa sababu moja. Kila mkono ulioshika kalamu ulikuwa na desturi yake na lugha yake. Familia moja yaweza kuandikwa katika kizazi cha kwanza na Mjerumani, katika cha pili na mwalimu aliyejifunza kwa Kiganda, katika cha tatu na mchungaji Mhaya, na katika cha nne na karani aandikaye Kiswahili safi cha shule. Kwa hiyo mtafutaji aulize kwanza: mwaka niutafutao, ni nani aliyekuwa akiandika? Tena jamaa moja yaweza kuwa imegawanyika, nusu Walutheri na nusu Wakatoliki. Mapadre wa White Fathers walianza kazi yao Kashozi mwaka 1892, kabla ya Bethel kwa miaka 18. Usipomwona babu kwetu, usione haya kubisha hodi kwao.

Hapo ndipo yanapoingia majina, na katika majina watu wengi hupotea. Mjerumani aliandika j mahali petu pa y, hata Yakobo akawa Jakobo na Yosia akawa Josia. Na sauti ya sh aliiandika kwa herufi tatu, s na c na h, hata Kashasha ya Muleba ikawa Kaschascha. Mwenye kufuata Kiganda alianza majina kwa l pale ambapo wengine huweka r, hata Rugambwa akawa Lugambwa, na Rwegasira akawa Lwegasira. Hao si watu wawili. Mtafutaji na asome jina kwa sauti, kwa sikio la Kihaya, ndipo aamue. Lakini anakilipo, anakili herufi kwa herufi kama alivyoona, hata kama ameona kosa dhahiri. Sahihisho lake na aliweke pembeni. Twasisitiza jambo hili, kwa kuwa tumeona nakala zilizosahihishwa na mtu mwenye nia njema, nazo zimemchanganya kila ajaye nyuma yake.

Tena Mhaya wa zamani hakuwa na jina la jamaa kama Mwingereza. Kila mtoto alipewa jina lake mwenyewe. Kwa mfano tu, Filipo Rwegasira aweza kuwa mwana wa Kaijage, na ndugu yake wa tumbo moja akaitwa Yoeli Mutalemwa; katika kitabu hawafanani hata kidogo. Na kinyume chake, akina Rwegasira wawili katika ukurasa mmoja huenda si ndugu kabisa. Mtindo wa watoto wote kuchukua jina la baba au la babu kama jina la tatu umekuja na shule na ofisi. Mwingereza afuataye jina la Smith hufuata uzi mmoja. Mhaya hana uzi huo, bali anao ukoo, nao ukoo haukupewa nafasi katika kila kitabu. Wanawake hutambulikana mara nyingi kwa majina yaanzayo na Ko- au Koku-, na jina lile la Kihaya ndilo ambalo wazee wa kijijini watalikumbuka. Ukiuliza habari za "Marta" watakuuliza, "Marta yupi?" Ukilitaja jina lake la nyumbani, bibi mmoja atashika kinywa.

Mahali nako huhama, ijapokuwa milima haihami. Mkoa wetu uliitwa Ziwa Magharibi hata mwaka 1979, ndipo ukaitwa Kagera. Wilaya ya Muleba ilikatwa katika wilaya ya Bukoba. Basi kitabu cha zamani kikisema mtu ni wa "Bukoba", huenda kijiji chake leo ki Muleba. Na wazee husema bado Ihangiro, Kianja, Kiziba, kwa majina ya abakama wa kale.

Haya, na tumfuate Eunike. Hatua yake ya kwanza isiwe ofisini. Aketi na shangazi yake, aandike kila neno alikumbukalo: nani alimsimamia ubatizo, arusi ya wazazi ilikuwa kabla au baada ya jambo gani, mama alikuwa akienda kusalimu kwao kwa njia gani, kwa basi la kwenda wapi. Mambo haya yaonekana madogo. Lakini neno la "alikuwa akishuka Kamachumu" laweza kuokoa siku tatu za kupekua kurasa.

Kisha atafute habari ya ubatizo wake mwenyewe, maana ndiyo iliyo karibu. Kitabu cha ubatizo humtaja baba na mama pamoja, na mara nyingi wasimamizi. Hapo atapata jina la Marta kwa ukamilifu wake, na jina la usharika. Tuseme alibatizwa mwaka 1990. Sasa na arudi nyuma katika kitabu cha ndoa, mwaka 1990, 1989, 1988, asiruke mwaka. Asipoona, aende na mbele pia! Wengi kwetu waliishi kwa ndoa ya kienyeji, mahari ikiwa imetolewa na wazee wamekubali, ndipo baadaye wakaja kubariki ndoa yao kanisani, watoto wakiwa wameshika nguo za mama yao. Tarehe ya kitabu basi ni siku ya kanisa, wala si lazima iwe siku ya kuanza nyumba. Mtu asije akahesabu miezi kati ya arusi na mtoto wa kwanza, akatoa hukumu juu ya bibi yake.

Asipoiona katika usharika wa baba, asikate tamaa, atafute katika usharika wa mama. Ndoa ya kanisani hutangazwa mara tatu, Jumapili tatu, na watu wanapotoka sharika mbili matangazo husomwa pande zote mbili. Huko Uingereza watafutaji walitambua zamani kwamba arusi ilifungwa mara nyingi katika parokia ya bibi arusi, hata waliokuwa wakitafuta kwa bwana wakadhani haikuwako. Palipo na daftari la matangazo, hilo nalo lisomwe; huandika jina la usharika wa pili, nalo jina hilo laweza kuwa ndilo ulilokuwa ukililia.

Tuseme Eunike ameiona: mwaka 1987, Marta, binti Filipo, wa Kamachumu. Atafurahi, naye ana haki. Lakini atazame vema: amempata baba wa mama yake, bali bibi yake mzaa mama bado amefichwa. Hapo ndipo wengi hufunga kitabu. Yeye na asifunge. Na aende Kamachumu, aombe kitabu cha ubatizo na cha kipaimara cha miaka ambayo Marta alikuwa mtoto na kijana. Palipo na ubatizo wa Marta pana majina ya wazazi wake wawili, na bibi yake ametokea. Kutoka hapo arudi katika kitabu cha ndoa mara ya pili, atafute arusi ya Filipo, labda karibu na mwaka 1960. Hapo ataona jina la baba wa Filipo; na ikiwa mzee huyo hakubatizwa, limeandikwa jina la Kihaya peke yake, bila jina la Kikristo. Mtafutaji asilione jina hilo kuwa pungufu. Kwa kazi hii lina thamani kuliko Yohana kumi.

Katika safari hiyo asome pia majina ya mashahidi, ila kwa akili. Shahidi wa arusi mara nyingi ni ndugu, au mume wa dada, au rafiki wa kuaminiwa, na aliyekuwa kijana mwaka 1987 aweza kuwa hai leo, ameketi barazani, akumbuka yote. Lakini Waingereza wametuonya jambo moja jema. Katika vitabu vyao kuna jina la shahidi lirudialo ukurasa baada ya ukurasa, na mgeni hudhani amepata mjomba wa kijiji kizima. Kumbe ni mzee wa kanisa au karani, aliyekuwa akisimama kwa kila arusi iliyokosa mtu. Kwetu nako mwinjilisti na mzee wa mtaa hutia sahihi hivyo hivyo. Basi ukiona shahidi, pindua kurasa tano mbele na tano nyuma. Akiwa yuko kila mahali, huyo si jamaa yako. Akiwa ametokea mara moja tu, mwandike kwa herufi kubwa.

Sahihi zenyewe zina habari. Mahali ambapo Mkristo aliitwa msomaji, twatazamia kuona majina yameandikwa, na kumbe twaona dole gumba na misalaba pia, hasa kwa mabibi arusi. Wataalamu wa Uingereza wamehesabu misalaba ya namna hiyo tangu 1754 ili kujua ni wangapi waliojua kuandika. Mjukuu aonaye dole la bibi yake katika wino wa samawati amepata kitu ambacho picha hazimpi. Twajua mtu mzima mmoja aliyeuweka mkono wake juu ya ukurasa kwa muda mrefu, na karani akatoka nje akamwacha.

Baada ya hayo yote, je, Eunike amepata omuziro wa mama yake? Bado. Amepata jina la babu wa mama, na kijiji, na labda shahidi mmoja aliye hai. Kitabu kimemfikisha mlangoni, nacho hakiwezi kuingia. Sasa na aende kijijini, akiwa na mtu mzima wa kumsemea kama ilivyo adabu, amtaje mzee yule kwa jina lake la Kihaya. Wazee watamwambia ukoo kwa dakika moja, kisha watamweleza mambo mengine kwa muda wa saa tatu. Askofu Josiah Kibira, aliyezaliwa Kashenye mwaka 1925, aliandika kitabu kizima juu ya ukoo na kanisa katika Buhaya, kilichotoka mwaka 1974. Alijua kwamba mtu wa kwetu huwamo katika vyote viwili. Kitabu cha ndoa kimeandikwa na upande mmoja wa maisha hayo. Upande wa pili umo vinywani mwa wazee, na wazee hao hupungua kila mwaka.

Na asipoonekana kabisa kitabuni? Katika Kitabu cha Ezra, sura ya 2, twasoma habari za watu waliorudi kutoka uhamishoni wakatafuta majina yao katika orodha ya nasaba wasiyaone, nao wakatengwa na ukuhani. Twaomba ofisi zetu zisiwatendee hivyo wajao kwetu. Kutokuwamo kitabuni si ushahidi kwamba ndoa haikuwako. Mtu mwenye wake wawili hakuandikwa, au aliandikwa kwa mmoja. Aliyeolewa kwa desturi tu hakuandikwa. Ukurasa umeliwa na mchwa. Yote hayo yawezekana, na karani mwema humwambia mtafutaji "sikuona", wala hasemi "hakuna".

Kwa ndoa za karibu iko njia ya pili. Tangu tarehe 1 Mei 1971, Sheria ya Ndoa ilipoanza kutumika nchini, ndoa za kanisa huandikishwa serikalini pia, na leo kazi hiyo iko mikononi mwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Hivyo Eunike, ambaye wazazi wake walioana mwaka 1987, ana mahali pa kuuliza hata kama kitabu cha usharika kimeharibika. Kwa babu yake wa mwaka 1960 asitegemee sana njia hiyo. Barua na taarifa za wamisionari wa Bethel zimehifadhiwa Wuppertal, Ujerumani. Humo mtu ataona habari za sharika na za walimu wa kwanza, mara chache habari za arusi ya mtu mmoja.

Sasa neno kwa wenye kufungua vitabu hivi. Si kila ajaye atafuta mama. Wengine hutafuta silaha, hasa kwa mambo ya kibanja. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua shauri lililoanzia mahakama ya mwanzo ya Kashasha, wilaya ya Muleba, akasema mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi kama mwanamume alivyo nayo. Tangu hapo, kujua nani ni binti wa nani kuna uzito hata katika fedha. Kitabu chaweza kushuhudia udugu, lakini hakishuhudii mipaka ya shamba, wala hakikuandikwa kwa kusudi hilo. Mtu aletaye shauri na apewe nakala ya habari yake peke yake, kwa maandishi ya mchungaji. Asiachwe kupekua za jirani. Kuhusu kupiga picha kwa simu, twaona hakuna ubaya kupiga mstari wa jamaa yako kwa ruhusa. Ukurasa mzima una watu wanane ambao hawakukuruhusu, na picha ikishatumwa hairudi.

Mikono iwe mikavu na safi. Ipelekwe penseli, kalamu ya wino ibaki mfukoni. Kitabu kisomwe mezani ofisini, wala kisiazimwe, hata kwa mzee wa kanisa.

Na nakala? Hapa Waingereza wametutangulia kwa mema na kwa mabaya. Mwaka 1598 waliagizwa waache karatasi, waandike juu ya ngozi, na kila mwaka nakala ipelekwe kwa askofu. Kwa ajili ya agizo hilo, mpaka leo kitabu cha parokia kilichoungua huweza kujibiwa na nakala ya askofu. Lakini agizo lile lile liliwataka wanakili vitabu vya zamani tangu mwanzo, "hasa" tangu mwaka wa kwanza wa Malkia Elizabeth, yaani 1558. Makasisi wengi walilipenda neno lile la "hasa". Walianza na 1558, wakaacha miaka 20 ya kwanza, na vitabu vya karatasi vikaoza. Hata leo watafutaji wengi wa Kiingereza husimama ghafula penye mwaka huo kama mtu aliyefika ukingoni mwa mto.

Sisi tuliona tarehe 10 Septemba 2016 jinsi tetemeko la nchi lilivyopasua nyumba na shule Bukoba kwa dakika chache. Paa la ofisi likianguka na mvua ya vuli ikaanza, kitabu cha pekee hakina mwenzake. Basi kila usharika ulio na kitabu cha ndoa cha kabla ya mwaka 1971 ungefanya vema kukinakili, kwa mkono au kwa picha, nakala moja ikae usharikani mbali na kitabu chenyewe, na ya pili ipelekwe dayosisini. Vijana wa kipaimara wenye mwandiko mzuri waweza kazi hii, mtu mzima akiketi nao. Waanze na ukurasa wa kwanza, hata kama wino wake umefifia na mwandiko wake ni wa Kijerumani. Panapowashinda wachore herufi kama wazionavyo, waweke alama pembeni, waendelee.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaeleza habari za kitabu cha maziko.